Warfarini na Vinasaba: Maelezo kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Warfarini huzuia damu isigande mahali isipotakiwa. Hupewa mtu mwenye damu iliyoganda mguuni au mapafuni, mwenye aina fulani za mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na yule aliyewekewa vali bandia ya chuma baada ya vali yake kuharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni. Ikizidi, damu huvuja. Ikipungua, damu huweza kuganda na kuziba mshipa wa ubongo, mgonjwa akapata kiharusi. (Ukisikia kwamba ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, ni kweli. Usiitupe kwa sababu hiyo.)

Kwa nini dozi yako si ya jirani yako

Watu wawili wenye umri na uzito mmoja wanaweza kuhitaji dozi zinazopishana sana: huyu miligramu 2 kwa siku, yule 10. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika vinasaba. Jeni ya CYP2C9 huliwezesha ini kuivunjavunja warfarini. Aliyerithi aina dhaifu hubaki na dawa mwilini muda mrefu, hivyo humtosha kidogo. Jeni ya pili, VKORC1, huhusika na protini ile ile ambayo dawa huenda kuizuia.

Kipimo chenyewe ni chepesi: mate au damu kidogo, na hufanywa mara moja, kwa kuwa vinasaba havibadiliki.

Uliza walitafuta nini

Hapa ndipo tunapokuomba usome polepole. Maabara haisomi jeni yote. Mara nyingi hutafuta aina chache zilizochaguliwa. Vipimo vingi vilitengenezwa kutafuta aina za CYP2C9 zinazoandikwa *2 na *3, ambazo Wazungu wengi wanazo na Waafrika wachache. Aina zinazopatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika ni *5, *6, *8 na *11. Kipimo kisichozitafuta kitakuandikia “kawaida” hata kama ini lako linaivunja dawa polepole, nawe utaanzishiwa dozi kubwa kuliko inayokufaa.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya tafiti mbili. Ule wa Uingereza na Uswidi ulionyesha kuwa vinasaba vinasaidia kupanga dozi. Ule wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 1,015 na kutafuta *2 na *3 tu kwenye CYP2C9, haukuona faida yoyote kwa jumla. Na Wamarekani weusi waliopangiwa dozi kwa vinasaba walifanya vibaya kuliko wenzao waliopangiwa kwa umri, uzito na hali ya ugonjwa. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2017 wa CPIC, jopo la kimataifa la dawa na vinasaba, unasema kwamba kwa mwenye asili ya Afrika, kama aina hizo nne hazikupimwa, daktari apange dozi bila kutumia vinasaba.

Kwa hiyo omba majibu yaliyoandikwa aina zilizotafutwa, si neno “kawaida” peke yake. Nakala ikae kwenye daftari lako la kliniki.

Kipimo cha INR kiko pale pale

Vinasaba husaidia zaidi wiki za mwanzo. Havijui kwamba juzi umeanza dawa za TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya warfarini sana. Havijui kwamba umenunua flajili dukani, ambayo huiongeza, wala diklofenaki ya mgongo, ambayo huongeza hatari ya kuvuja damu. Kipimo cha INR ndicho kinachoyaona mabadiliko ya kuganda kwa damu. Wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye vali ya chuma hupangiwa juu kidogo.

Mboga usiache. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopingana na dawa, lakini dozi hupangwa kufuata mlo wako. Kinachovuruga ni kula bakuli zima leo na kukaa mwezi bila kugusa.

Mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, fizi zisizoacha kutoka damu, au kichwa kuuma ghafla baada ya kuanguka: nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uchukue daftari.