Kuhama na Mtoto Ilhali Mzazi Mwenziwe Hakuridhia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika darasa letu hili tumekusudia kueleza mas'ala ambayo zamani hayakuwa yakitokea ila mara chache, na leo yabisha hodi katika nyumba nyingi za pwani yetu. Mume na mke wameachana, na mtoto akaa kwa mama. Mama ni muuguzi, naye amepata kazi Uingereza. Mshahara ni mwema na mkataba ni wa miaka. Ataka kwenda na mwanawe. Baba asema, "Mimi sikuridhia." Au mambo huwa kinyume: baba aishi ng'ambo, amchukua mtoto kwa likizo, kisha asema, "Harudi tena." Je, mzazi aweza kuondoka na mtoto kwa siri? Na mzazi wa pili aweza kukataa apendavyo, bila ya kuulizwa sababu?

Watu wengi huyajibu maswali haya kwa neno moja. Jamaa za baba husema, "Mtoto ni wa baba." Jamaa za mama husema, "Aliyemzaa ndiye mwenyewe." Majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kumfanya mtoto kuwa mali. Mtoto si mali ya baba wala si mali ya mama. Ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa wote wawili, na yeye mwenyewe ana haki juu yao. Tunataka msomaji alishike jambo hili tangu mwanzo, kwani yote yatakayofuata yatokana nalo.

Asili ya mas'ala haya imo katika Suratul Baqara, aya ya 233, inayozungumzia mtoto mchanga na wazazi wake. Humo Mwenyezi Mungu amekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Na katika aya hiyohiyo, wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, wameelekezwa wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Basi na tufikiri. Kumwachisha mtoto ziwa ni jambo linalotendeka ndani ya nyumba. Mtoto hatoki mjini kwake, wala hapotelewi na baba wala mama. Ikiwa hilo lataka mashauri na ridhaa, kumvusha mtoto bahari, akaachana na mzazi mmoja na lugha yake na jamaa zake, kutakosaje kutaka mashauri?

Tukija kwenye Sunna, Abu Dawud amepokea habari ya mwanamke aliyeachwa na mumewe, naye mume akataka kumnyang'anya mtoto. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamhukumia mama kuwa ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Na imepokewa pia kwamba alimpa hiari kijana aliyekwisha kupata akili, achague kati ya baba yake na mama yake. Na katika Bukhari mna habari ya binti wa Hamza, mwaka wa 7 wa Hijra, alipotolewa Makka kupelekwa Madina. Walimgombea watu watatu, Ali, Jaafar na Zaid, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mtume alimpa Jaafar, kwa kuwa mkewe Jaafar alikuwa mama mdogo wa mtoto yule. Hakutazama nani kati ya wale wanaume ana sauti kubwa. Alitazama ni wapi mtoto atapata malezi ya mama.

Sasa twende kwenye maneno ya mafakihi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mama ndiye atangulizwaye katika ulezi mpaka mtoto apate kupambanua mambo, kadiri ya miaka 7, kisha mtoto huchagua. Ama katika safari, wameigawa mafungu mawili. Ikiwa safari ni ya haja, kama hija au biashara, mtoto hubaki na yule mzazi asiyesafiri mpaka mwenziwe arejee. Ikiwa ni safari ya kuhama, baba ndiye aliye bora kukaa na mtoto, kwa sharti njia iwe ya amani na mji uendewao uwe wa amani. Ndivyo alivyoeleza Imamu Nawawi katika Minhaj, na wanavyuoni wameitaja sababu yake: kuhifadhi nasaba ya mtoto, na kumpatia elimu na adabu, mambo ambayo ni wajibu wa baba.

Lakini maimamu hawakuafikiana katika jambo hili. Mahanafi wamesema mama aliyeachwa aweza kuhama na mtoto kwenda mji wa kwao, ikiwa huko ndiko ilikofungwa nikaha. Na baba naye hana ruhusa ya kumtoa mtoto mjini kwa mama maadamu haki ya mama ya ulezi ipo. Wamaliki wameweka kipimo cha umbali. Na Ibnul Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, baada ya kuzitaja kauli hizi, aliona kwamba lililo sawa ni kutazama lipi lina maslaha zaidi kwa mtoto. Na kwamba mzazi anayehama kwa hila ili amdhuru mwenziwe na kumpokonya mtoto, hasaidiwi kwa hila yake.

Msomaji ataona kwamba hukumu hizi zote zimejengwa juu ya sababu, na hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Baba ametangulizwa katika kuhama kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa nasaba, elimu na masurufu. Basi baba ambaye kwa miaka mitatu hakutoa shilingi ya chakula, hajui mtoto asoma chuo gani, wala hakumtazama alipougua, atashikaje hoja ya ulinzi asioufanya? Na kwa upande wa pili, baba ambaye kila Ijumaa huenda na mwanawe msikitini, hulipa ada ya shule, humsikiliza akisoma juzuu yake, huyo kukataa kwake si ukaidi. Kumtenga mtoto na baba wa namna hiyo kwa ajili ya mshahara tu ni dhara kubwa, hata kama mshahara wenyewe ni wa halali.

Kwa hiyo neno "sikuridhia" halitoshi peke yake, wala halipuuzwi. Hutazamwa nyuma yake pana nini. Baba akiuliza, "Mama akiwa kazini usiku, mtoto atalala na nani? Atasoma wapi Qur'ani? Nitamwona mara ngapi kwa mwaka?" basi hayo ni maswali ya mlezi, na mama yampasa ayajibu moja moja kabla ya kukata tikiti. Lakini baba akisema, "Nipe fedha ndipo nitie sahihi," au, "Nirudie ndipo nikuruhusu," huyo amemfanya mwanawe kuwa rehani, na aya tuliyoitaja yamhusu yeye wa kwanza.

Ama kwenda kwa siri, hilo hatuoni mlango wake. Twasikia habari za sahihi za kughushi, na za mtoto aliyeambiwa kwamba apelekwa harusini, akazindukia yumo katika ndege. Huo ni uwongo na khiyana, na mtoto akiwa mkubwa atajua. Tena wengine huteleza mahali hapa: sheria za uhamiaji za Uingereza, mtoto akimfuata mzazi mmoja na mwingine akabaki nje, kwa kawaida zataka ithibitishwe kwamba huyo mmoja ndiye peke yake mwenye jukumu la kumlea, au pawe na sababu nzito. Basi mama huandika kwamba baba hajulikani alipo, ilhali kila mwezi huleta masurufu. Huo ni ushahidi wa uwongo, na haubadiliki kuwa halali kwa kuandikwa katika karatasi ya serikali ya kigeni. Kanada nayo, kwa mtoto anayehamia huko na mzazi mmoja, yataka tamko la mzazi asiyekwenda, lenye sahihi yake.

Yafaa pia tujue sheria za nchi, kwani Muislamu hufungwa na ahadi zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana jukumu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslaha ya mtoto ndiyo yatanguliayo katika kila jambo limhusulo. Kadhi aweza kuwasikiliza wazazi na kuwasuluhisha. Lakini amri juu ya kumtoa mtoto nchini au kumzuia huombwa katika Mahakama ya Watoto, ambayo hufuata Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Na wale walioko Uingereza, wakitaka kuwaleta watoto huku bila ya ridhaa ya mzazi mwenzao, wajue kwamba sheria ya huko ya mwaka 1984 yalihesabu jambo hilo, kwa mtoto wa chini ya miaka 16, kuwa kosa la jinai ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Tena uko Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, ambao nchi zilizoingia humo hurudishiana mtoto wa chini ya miaka 16 aliyetoroshwa na mzazi. Wala mtu asidhani kwamba nchi isiyo katika mkataba ni pango la kujificha. Mahakama za huko nazo zaweza kuamuru mtoto arudishwe.

Basi njia ni ipi? Kwanza, mashauri yawe mapema, kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi, si usiku wa kuamkia safari. Pili, wakiridhiana waandike: mtoto atasoma wapi dini na dunia, ataonana na baba kwa simu siku zipi, atakuja nyumbani likizo gani, nauli ni ya nani, na itakuwaje mama akiolewa au mtoto akikataa kukaa huko. Tatu, wakishindwa, wateue mzee mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kwa kufuata mwongozo wa Suratun Nisaa, aya ya 35. Na mtoto aliyefika miaka ya kupambanua aulizwe naye, faraghani, bila ya kutishwa wala kuhongwa. Nne, ikishindikana, waende mahakamani. Ruhusa ya hakimu hutimiza pale ridhaa ya mkaidi ilipokosekana, na katazo la hakimu humlinda mtoto ambaye mzazi wake ameshikwa na tamaa ya safari.

Twamtoa katika utaratibu huu mama anayepigwa au kutishwa, yeye au mwanawe. Huyo haambiwi akae barazani na ampigaye. Aende moja kwa moja penye ulinzi, na aiombe mahakama amri kwa haraka. Amani ndiyo sharti waliloliweka mafakihi katika njia na katika mji. Basi nyumba isiyo na amani yasemwaje? Na huo Mkataba wa Hague wenyewe umekubali kwamba mtoto asirudishwe penye hatari kubwa.

Labda mama atauliza, "Na hakimu akikataa?" Hapo hatutamdanganya. Huenda ikambidi aiache kazi ile, au aende peke yake na mtoto abaki. Yote mawili ni machungu. Lakini mama aliyeiacha nafasi ile kwa ajili ya mwanawe hakupoteza mbele ya Mwenyezi Mungu, na mama aliyekwenda kwa ruhusa huku akimtuma mwanawe matumizi na kurudi kila apatapo nafasi, hakumtupa. Na baba aliyeshinda kesi asifurahi kana kwamba ameshinda mchezo. Aliyemzuia mtoto amejitwika malezi yake: ada, chakula, dawa na masomo ya usiku. Akimzuia kisha akamwacha kwa bibi yake bila ya masurufu, ushindi ule utakuwa hoja juu yake Siku ya Kiyama.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume alimwonya atenganishaye mama na mwanawe, kuwa Mwenyezi Mungu atamtenganisha yeye na wapenzi wake Siku hiyo. Maneno hayo yalisemwa juu ya mateka wa vita. Basi ikiwa mateka wamehurumiwa hivyo, twaona mtoto wetu wenyewe ana haki zaidi asifanywe mateka baina ya wazazi wake wawili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wazazi wetu na awahifadhi watoto wetu, waliomo nchini na walioko ng'ambo. Wallahu aalam.