KIKOHOZI KISICHOPONA: TUIFAHAMU KANSA YA MAPAFU



Mzee mmoja, mkulima wa hapa Ufipa, alikohoa tangu kupanda mahindi hadi kuvuna. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Alipopigwa picha ya eksirei mjini Sumbawanga, uvimbe ulionekana pafuni. Akapelekwa hospitali ya rufaa, kipande cha uvimbe kikakatwa na kupimwa. Ilikuwa kansa. Mwanawe akaniuliza, "Bwana mganga, baba ataishi muda gani?" Somo la leo ni juu ya swali hilo.

1. Kansa huanzaje?

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe huongezeka kwa amri. Amri hupokelewa na protini iliyo mlangoni mwa chembe, nayo huwapa wenzake walio ndani, mpaka ifike kwenye kiini. Ni kama tangazo la kijiji: mwenyekiti humwambia balozi, balozi huziambia nyumba zake. Sasa fikirini balozi anayetangaza "Ongezekeni!" usiku na mchana, na mwenyekiti hakutuma neno. Ndivyo ilivyo katika kansa.

2. Protini hutuambia nini?

(a) EGFR hukaa mlangoni. Mwaka 2004 wataalamu waligundua kuwa kwa wagonjwa wengine, hasa wasiovuta tumbaku, protini hii imeharibika na hutangaza bila kuamriwa. Vipo vidonge vya kuinyamazisha, kama gefitinib.

(b) KRAS iko ndani zaidi. Ikiharibika, kumnyamazisha wa mlangoni hakusaidii, kwa maana kelele zinatoka ndani.

(c) PD-L1 huwadanganya askari wa mwili wasiishambulie kansa. Ikiwa nyingi, dawa za kuwaamsha askari hao huwa na nafasi kubwa zaidi ya kusaidia.

(d) CEA hupimwa katika damu. Lakini huweza kupanda hata kwa mvuta sigara asiye na kansa. Kwa hiyo haitoshi peke yake.

3. Jibu la swali

Hakuna protini inayotaja siku ya kufa. Daktari hutazama kwanza kansa imeenea mpaka wapi, kisha nguvu za mgonjwa, kisha protini hizi ili achague dawa. Kansa iliyogunduliwa mapema huweza kukatwa na mgonjwa akapona. Ya mzee wetu ilikuwa imekwisha kuenea. Miezi ile ya kungoja ndiyo iliyotuponyoka.

4. Tufanye nini?

Tuache tumbaku, ya sigara na ya kiko. Ndiyo chanzo kikubwa. Baridi yetu hutufanya tuote moto ndani, milango imefungwa. Moshi wa kuni nao hudhuru mapafu. Tutoboe madirisha jikoni.

Ukikohoa wiki mbili, nenda zahanati upimwe kifua kikuu. Ukimaliza dawa na kikohozi kibaki, au ukitoa damu, ukikonda, kifua kikiuma, usikae nyumbani. Rudi, uombe picha ya eksirei. Wagonjwa wa kansa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Maswali

1. Protini ya mlangoni hufanya kazi gani?
2. Kwa nini kipimo cha CEA hakitoshi peke yake?
3. Nani kijijini kwenu anakohoa zaidi ya wiki mbili? Mwambieni aje kesho.