Mashua Yako ya Tanga: Namna ya Kuinunua, Kuiendesha na Kuitunza

Anayetaka chombo chake mwenyewe huuliza bei kabla ya jambo lolote. Bei ni muhimu, ila mashua ya mbao hailipiwi mara moja ukamaliza. Utailipia tena kidogo kidogo kila mwezi: pamba, chokaa, mafuta, kamba na ujira wa fundi. Aliyejipanga kwa hayo hukitumia chombo chake miaka mingi, na asiyejipanga hukiona kinaozea ufukweni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama hujawahi kushika usukani, fuatana nami hatua kwa hatua kabla hujatoa pesa yako.

Nichague chombo gani?

Ngalawa ni gogo lililochongwa ndani, lenye ndubi, yaani vibao vya kuelea vinavyokizuia chombo kisipinduke. Ni nyepesi na hupita maji madogo, ila haina nafasi ya kulala wala ya mizigo. Dau limechongoka mbele na nyuma. Mashua huundwa kwa mbao za kuunganisha, na nyuma yake imekatwa bapa, kwa hiyo ina nafasi zaidi. Kwa familia ndogo inayotaka kutembea kisiwa hadi kisiwa, mashua ya mita 5 hadi 7 inatosha, na watu wawili au watatu wanaimudu.

Mafundi wa kuunda vyombo wapo sehemu nyingi za pwani. Nungwi, kaskazini ya Unguja, na Matondoni katika kisiwa cha Lamu zinajulikana sana kwa kazi hii. Ukiagiza chombo kipya, uliza mbao ni za mti gani. Mvule na mninga hudumu. Mwembe ni rahisi zaidi kwa bei, lakini huoza mapema.

Nikiona kilichotumika, nikikague vipi?

Nenda maji yakiwa yamepwa, chombo kimekaa juu ya mchanga, na uchukue kisu kidogo. Anza na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Bonyeza kwa ncha ya kisu kila hatua moja, hasa pale mbao za ubavuni zinapokutana na mkuku. Mbao nzima itakikataa kisu; iliyooza itakiachia kizame. Tafuta pia matundu madogo kama ya ncha ya sindano. Hapo pameingia mdudu mtoboa mbao wa baharini, kiumbe wa jamii ya chaza. Huingia akiwa mdogo sana, kisha hukua huku akila mbao kwa ndani, na nje huoni kitu. Gonga kwa mpini wa kisu: mbao nzima hulia kavu, iliyoliwa hutoa sauti bubu.

Kisha ingia ndani. Inua vibao vya sakafu uangalie mataruma, yaani mbavu za chombo, na vichwa vya misumari. Michirizi ya kutu inayoteremka kwenye mbao maana yake msumari unakwisha. Mwisho, omba chombo kielee siku mbili tatu. Kilichokaa juu muda mrefu lazima kivuje mwanzoni, kwa sababu mbao zimekauka na kuachana. Zikinywa maji hufura na kuziba. Kama siku ya tatu bado unafua maji kama siku ya kwanza, achana nacho.

Usifanye ukaguzi huu peke yako. Mlipe fundi ujira wa nusu siku aje naye atazame, na asiwe yule aliyekiunda wala jamaa wa muuzaji.

Nitenge pesa kiasi gani?

Bei hutofautiana kwa ukubwa, mbao na umri, kwa hiyo uliza katika fukwe mbili au tatu kabla ya kukubaliana. Hakikisha tanga na kamba zimo ndani ya bei na bado ni nzima, maana tanga jipya ni gharama kubwa peke yake. Kwa matunzo, wenye vyombo vya tanga duniani kote hutumia kanuni moja rahisi: tenga kila mwaka sehemu moja ya kumi ya bei ya chombo. Ukinunua kwa shilingi milioni 5, weka laki 5 kwa mwaka, na zaidi kidogo mwaka wa kwanza kama chombo ni cha zamani. Mkiafikiana na fundi, elewaneni ujira kabla ya kazi kuanza, na vifaa nunua mwenyewe ili ujue ni pamba gani na misumari gani inayoingia kwenye chombo chako. Misumari iwe ile iliyopakwa zinki; ya kawaida huliwa na chumvi upesi.

Makaratasi yanashughulikiwa wapi?

Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi. Zanzibar, ni vizuri sheha wa eneo ajue. Baada ya hapo chombo kiandikishwe na kikaguliwe. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), na Kenya ni Mamlaka ya Bahari (KMA). Waulize ada ya mwaka huo moja kwa moja ofisini, na udai risiti. Ukitaka kuvua au kubeba abiria wa kulipa, hivyo ni vibali vingine. Uliza kabla ya kuanza.

Upepo na maji nivisome vipi?

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kukusukuma kusini. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na huwa na nguvu zaidi Juni na Julai. Katikati yake kuna maleleji, kipindi cha upepo mdogo unaobadilika. Kwa anayejifunza, Oktoba na Novemba ni wakati mwema. Kumbuka pia kwamba mkondo wa bahari katika pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi ikiupinga mkondo huo, mawimbi husimama wima, hasa katika mlango wa bahari wa Pemba ambako maji ni ya kina kirefu.

Kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), au wa Idara ya Hali ya Hewa ukiwa Kenya. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo shona tanga nyumbani. Ondoka asubuhi, kwa kuwa upepo wa mchana huongezeka, na urudi jua likiwa bado juu. Jua likiinama, mng'ao wake hukuzuia kuona rangi ya maji, na rangi ya maji ndiyo inayokuonyesha mwamba.

Maji ya bamvua, yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka karibu mita 4 hapa Unguja. Siku hizo hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia urefu wa amari, yaani kamba ya nanga. Ukitia nanga maji yakiwa yamepwa, penye kina cha mita 2, maji yakijaa utakuwa na mita 6. Amari iwe angalau mara tano ya kina hicho, yaani mita 30, na mwisho wake uwe na mnyororo kidogo usiolika na matumbawe.

Nikiwa safarini, nizingatie nini?

Kamba mbili zijue vizuri kuliko zote. Henza ni kamba nene inayopandisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Demani ni ile inayovuta pembe ya nyuma ya tanga. Demani usiifunge kwa fundo gumu hata siku moja. Izungushe kwenye kigingi na mtu aishike, ili upepo ukipiga ghafla aiachie na chombo kisimame. Kukisi, yaani kuhamisha foromali kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine, ni kazi ya zaidi ya mtu mmoja. Ijaribuni mara nyingi ndani ya hori tulivu kabla ya kutoka nje ya mwamba. Chukua na tanga dogo la pili, ulibadilishe mapema mawingu yanapoanza kukusanyika.

Kila aliyemo avae jaketi la kuokolea, si kulikalia. Beba makasia, upondo, dira, tochi, filimbi, maji ya kunywa, ndoo mbili za kufulia maji, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukiweza kupata redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura duniani kote. Mwambie mtu nchi kavu unakokwenda na saa ya kurudi. Chombo kikipinduka, shikeni chombo. Mbao huelea, na wanaowatafuta watakiona chombo kabla ya kichwa cha mtu.

Matunzo ni yapi, na lini?

Kila siku ya mvua, fua maji ya ngama, yaani tumbo la chombo. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko ya chumvi, kwa hiyo osha ndani kwa maji ya bahari. Chombo kikikaa juu, kifunike kwa makuti kisipasuke kwa jua. Tanga la pamba lianike likauke kabisa kabla ya kulikunja, vinginevyo litashika ukungu.

Kila mwezi au miezi miwili, kipweleze chombo kwenye mchanga. Fika siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvua, ili maji yanayofuata yawe makubwa zaidi na kukieleza. Ukikipandisha siku ya kilele chenyewe, kinaweza kukwama juu karibu wiki mbili.

Maji yakishuka, kazi ni hii. Kwangua majani na magamba yote. Washa makuti makavu, upitishe moto haraka chini ya mbao, ukienda bila kusimama, ili joto liwaue watoboa mbao bila kuunguza. Ndoo za maji ziwe karibu. Kagua kalafati, yaani pamba iliyopakwa mafuta na kupigwa ndani ya nafasi za mbao. Palipolegea, toa ya zamani na upige mpya. Kisha paka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, sehemu yote inayokaa majini. Sehemu iliyo juu ya maji, paka sifa, mafuta ya papa, ili mbao zisipasuke. Malizeni kabla maji hayajarudi: kwa kawaida mnazo saa nne hadi tano.

Kwa hiyo usianze kwa kununua. Mtafute mwenye mashua karibu nawe, umsaidie kazi hii bamvua lijalo, kisha uombe kusafiri naye msimu mmoja. Ukiona bado unakitaka chombo baada ya kukikwangua na kukipaka deheni kwa mikono yako, basi uko tayari kumiliki chako.