Kabla ya farasi kukimbia, kagua ardhi

Mtu akianguka kutoka juu ya farasi, wengi huuliza kama mnyama alikuwa mkali au mpandaji alikuwa mwanagenzi. Ni nadra mtu kuinama akaitazama ardhi. Ilhali ardhi ndiyo humfanya farasi ateleze au ajikwae, na ndiyo humpokea mpandaji anapoanguka. Wiki hii tutajifunza jinsi ya kuikagua ardhi hiyo, na la kufanya ajali ikishatokea.

Somo hili linawahusu watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Njoro, karibu na mji wa Nakuru, ndiko alikokulia Beryl Markham, mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio nchini Kenya. Hadi leo wako farasi katika mashamba ya Bonde la Ufa. Kuna wanaowapanda kwa mashindano, kuna wanaocheza polo Gilgil, na kuna familia kutoka mijini zinazokodi farasi kwa saa moja karibu na Ziwa Naivasha. Tusiwasahau masaisi, ambao huwatunza wanyama hawa na kuwapanda kwa mazoezi asubuhi na mapema.

MCHEZO UNAOPIMA ARDHI

Katika michezo ya farasi, unaotegemea sana hali ya ardhi ni ule wa mikondo mitatu, ambao umo katika Olimpiki tangu mwaka 1912. Mkondo mmoja ni wa kuonyesha utiifu na mwendo mzuri. Mwingine ni wa nyikani, ambapo farasi hukimbia akiruka magogo, mitaro na vidimbwi vya maji. Mwingine tena ni wa kuruka viunzi uwanjani.

Hatari kubwa iko nyikani. Katika viwango vya juu, farasi hutakiwa kwenda mita 570 kwa dakika, yaani karibu kilomita 34 kwa saa. Mnyama huyo ana uzito wa kilo 500 hivi, na kichwa cha mpandaji kiko zaidi ya mita mbili kutoka ardhini.

Mnamo Mei 27, 1995, mwigizaji wa filamu za Superman, Christopher Reeve, alikuwa akishindana katika jimbo la Virginia, Marekani. Farasi wake alisita ghafla mbele ya kiunzi, naye akarushwa mbele kwa kichwa. Mifupa miwili ya juu ya shingo ilivunjika, akapooza kuanzia shingoni hadi alipofariki mwaka 2004. Mwaka 1999, wapandaji watano walikufa katika msimu mmoja nchini Uingereza. Kamati ya wataalamu iliyochunguza usalama wa mchezo huo ilitoa ripoti mwaka 2000, na funzo lake kuu lilikuwa hili: fanya kila liwezekanalo farasi asianguke. Ajali mbaya kupita zote ni ile ambayo farasi hugonga kiunzi kwa miguu ya mbele, akapinduka kichwangomba na kumlalia mpandaji.

Tangu hapo viunzi vingi vimefungwa kwa pini zinazokatika vikigongwa kwa nguvu. Hata hivyo, pini haimsaidii farasi aliyeteleza kabla hajaruka. Hapo ndipo ardhi inapoingia.

ARDHI YA AINA TATU

Ya kwanza ni ardhi ngumu. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, udongo wa Bonde la Ufa huwa vumbi juu na mgumu kama saruji chini. Kila hatua hupeleka kishindo kwenye kwato, mifupa na viungo vya farasi. Farasi anayeumwa miguu husita kuruka, na kusita ndiko humtupa mpandaji. Naye akianguka, anaangukia mahali pasipo na huruma.

Ya pili ni ardhi ya matope. Mvua ya masika ikinyesha kati ya Machi na Mei, kwato huzama, kano za miguu huvutika, na mnyama huchoka upesi. Mbaya zaidi ni manyunyu yanayoanguka juu ya ardhi ngumu. Juu huloa, chini hubaki pagumu, na farasi huteleza kama aliyekanyaga sabuni. Viatu vya farasi hutiwa njumu kama za mwanasoka ili vishike ardhi, lakini njumu haziondoi hatari yote.

Ya tatu ni ardhi yenye uwazi. Fuko, ngiri na mhanga huchimba mashimo ambayo nyasi huyafunika. Isitoshe, udongo wa volkeno wa eneo hili huchukuliwa na maji chini kwa chini. Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea karibu na Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Ikiwa barabara ya lami inaweza kukatika, njia ya farasi malishoni isiaminiwe kwa sababu tu ilikuwa salama wiki iliyopita.

NAMNA YA KUKAGUA

Tembea njia nzima kwa miguu siku ile ile ya kupanda, ukiwa na fimbo. Ichomeke ardhini kila baada ya hatua kadhaa. Ikigoma kabisa, pale ni pagumu mno. Ikizama bila kusukumwa, pale ni laini mno. Zingatia zaidi mahali farasi anapojirusha kabla ya kiunzi na anapotua, kwenye kona, miteremko na kingo za maji. Mashimo yafukiwe na kushindiliwa, au njia ihamishwe. Mvua ikinyesha, ukaguzi urudiwe. Farasi wengi wakishapita mahali pamoja, papo pia patazamwe upya.

Ardhi isiporekebishika, kiunzi kiondolewe au mashindano yaahirishwe. Uamuzi huu ni mgumu kwa sababu wageni wamefika na ada zimelipwa. Lakini ada hurudishwa. Uti wa mgongo ukikatika haurudi.

Wewe unayekodi farasi kwa matembezi, uliza utapitia wapi na kama njia imekaguliwa leo. Vaa helmeti inayokutosha, ufunge mkanda wake, na viatu vyenye kisigino ili mguu usipenye na kunasa kwenye kikuku. Helmeti iliyowahi kugongwa kwa nguvu ibadilishwe hata kama haina ufa. Saisi naye apewe helmeti: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake.

MTU AKIANGUKA

Kwanza farasi ashikwe na wengine wasimamishwe. Usimwinue majeruhi wala kumketisha. Mwambie asitikise kichwa, nawe ukishike kwa mikono miwili kama ulivyokikuta. Usimvue helmeti isipokuwa inamzuia kupumua. Usimpe maji wala chakula. Asipopumua, kumpa pumzi na kumfinya kifua hutangulia mambo mengine yote. Akihisi ganzi, akishindwa kusogeza mkono au mguu, au akiumwa shingo, asibebwe mgongoni wala kukunjwa kwenye kiti cha teksi. Ita ambulensi, abebwe amelala juu ya kitu bapa.

Aliyegonga kichwa asipande tena siku hiyo, hata akisema yu mzima. Akitapika, akisinzia kupita kiasi, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitalini mara moja. Asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza.

Mwisho, usidharau mchubuko. Udongo wenye samadi ya farasi huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kliniki ukaulize kama unahitaji chanjo.

Jumamosi ijayo ukiona watu wakitembea na fimbo malishoni kabla ya farasi kutolewa zizini, usidhani wanapoteza wakati. Na usipowaona, uliza kabla hujampandisha mtoto wako.