SOMO LA MWEZI: SHAMBA LA NABOTHI

Tusome kwanza: 1 Wafalme 21:1–16.



Sisi wa Moshi kila asubuhi hutazama kama Kibo imejifunua. Wazee wetu wa Kichaga walizika maiti uso ukielekea huko. Twajua basi kwamba ardhi yaweza kuwa zaidi ya ekari na bei.

Nabothi naye alijua hivyo. Ahabu hakutaka kumpunja. Aliahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo baraza likaitishwa, mashahidi wa uongo wakaletwa, na mwenye haki akauawa kwa jina la sheria.

1. Shauri la Arusha

Oktoba 2009 Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walipewa siku 30 wahame. Serikali ilisema yalinda chanzo cha maji. Shauri likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa jirani, Arusha.

Huko serikali ilitoa hoja inayopasa kutushtua: kwamba Waogiek wameacha dini ya wazee na kuwa Wakristo. Ubatizo ukafanywa ushahidi dhidi ya haki yao ya kuabudu msituni! Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilisema si wote waliobadili dini, wala kupokea Ukristo si uthibitisho wa kuacha mila zote. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia na wamilikishwe ardhi yao kwa hati. Hata hivyo, Novemba 2023 wengine waliondolewa tena msituni. Kuhukumu ni jambo moja, kutekeleza ni jingine.

2. Mlima wa mbali

Huko Hawaii, Marekani, wataalamu walitaka kujenga darubini yenye kioo cha upana wa meta 30 juu ya Mauna Kea, mlima ambao wenyeji wengi huuona kuwa mtakatifu. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilifuta kibali, kwa sababu kilitolewa kabla ya wapingaji kusikilizwa. Oktoba 2018 ilithibitisha kibali kipya. Julai 2019 wazee waliketi barabarani kuzuia ujenzi, wakakamatwa.

Darubini si kitu kiovu. Anayetazama nyota hutazama kazi ya Mungu. Kosa lilikuwa kuamua kwanza na kusikiliza baadaye.

3. Na sisi je?

Bwana Yesu alimfundisha mwanamke Msamaria kwamba ibada ya kweli haifungwi na mlima (Yohana 4). Kwa hiyo hatuuabudu Kilimanjaro. Lakini asiyeuabudu mlima hakupewa ruhusa ya kumdharau jirani yake. Mwaka 2019 ulipotangazwa mpango wa kupandisha wageni kwa magari ya waya, wapagazi na waongoza wageni waliogopa kupoteza riziki. Wengi wetu tulihesabu fedha. Je, tuliwauliza wazee mlima huu ni nini kwao?

Maswali ya kujadiliana

(a) Ahabu alitoa bei nzuri. Alikosea wapi?
(b) Je, tumewahi kutumia Ukristo wetu kumnyamazisha mzee wa ukoo?
(c) Kiwanja cha kanisa letu kilitolewa na nani, na kwa ahadi gani? Tumeitimiza?

Tuombe: Ee Bwana, mwenye nchi yote, utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amina.