Kabla Hujanunua Rimoti Nyingine
Kijitabu cha elimu kwa watumiaji wa vijiti na visanduku vya TV

Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye TV yake inawaka, intaneti ipo na bando limelipiwa, ila rimoti haitii. Ukurasa wa mwanzo umeganda, mama anasubiri tamthilia yake, na kijana anayeyajua mambo hayo yuko shule ya bweni. Hapo ndipo mtu huamua kuwa rimoti imekufa, akaenda dukani kununua nyingine, nayo ikagoma vilevile. Rimoti inayodhaniwa imekufa mara nyingi ni nzima. Betri zake zimechoka, au imepoteza mawasiliano na kifaa chake, na yote mawili unaweza kuyarekebisha mwenyewe ukiwa sebuleni.

Tunazungumzia vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la HDMI la TV: Fire TV Stick, Roku, Chromecast yenye Google TV, na visanduku vya Android vinavyopatikana kwa wingi Kariakoo na Luthuli. Tumekaa zaidi kwenye Fire TV Stick, kwa kuwa watu huletewa na ndugu walio ughaibuni, kikafika bila maelezo ya Kiswahili na aliyekileta akawa ameshaondoka.

Rimoti za aina mbili

Rimoti ya kawaida ya TV hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Ni lazima uielekeze kwenye TV, na mtu akipita katikati au kitambaa cha meza kikining'inia mbele ya kipokezi, amri haifiki. Visanduku vingi vya Android na Roku Express hutumia njia hii.

Rimoti ya Fire TV Stick na ya Chromecast yenye Google TV hutumia Bluetooth, na rimoti za sauti za Roku hutumia Wi-Fi. Hayo ni mawimbi ya redio. Hayahitaji kuelekezwa popote, ndiyo maana kijiti kinaweza kujificha nyuma ya TV na bado kikapokea amri. Lakini rimoti ya redio ni lazima itambulishwe kwanza kwa kijiti chake, na utambulisho huo ndio unaoitwa kuoanisha. Ukiyavuruga mambo haya mawili, utahangaika bure: utaelekeza rimoti ya Bluetooth huku na huku wakati tatizo ni kuoanisha, au utatafuta namna ya kuoanisha rimoti ya infraredi ambayo haioanishwi kabisa.

Kupima infraredi ni rahisi. Fungua kamera ya simu, elekeza kitaa cha mbele cha rimoti kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe. Ukiona kwenye kioo cha simu nuru ya zambarau au nyeupe inametameta, rimoti inatoa mwanga. Usipoona kitu, rudia kwa kamera ya selfi, kwa sababu kamera za nyuma za baadhi ya simu huchuja mwanga huo.

Sasa zingatia jambo hili, maana hata mafundi hulipita. Rimoti ya Fire TV yenye vitufe vya sauti na kuzimia TV hutumia njia zote mbili. Vitufe hivyo hutuma infraredi moja kwa moja kwa TV. Mishale, kitufe cha nyumba na maikrofoni hutumia Bluetooth kuwasiliana na kijiti. Kwa hiyo sauti ikipanda na kushuka lakini mishale haisogezi kitu, betri si tatizo. Kilichopotea ni kuoanishwa. Na mishale ikifanya kazi lakini sauti haibadiliki, usiguse kuoanisha: ingia kwenye mipangilio ya kijiti, sehemu ya udhibiti wa vifaa, uchague upya aina ya TV yako.

Betri

Anza hapa hata kama uliziweka betri mpya juzi. Rimoti nyingi hutumia betri mbili ndogo za AAA, kila moja volti 1.5. Betri za bei ya chini hushuka nguvu haraka, na rimoti ya Bluetooth, hasa yenye maikrofoni, hula umeme mwingi kuliko ile ya infraredi. Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti. Iliyochoka huvutwa na mwenzake hadi ivuje.

Fungua kifuniko uangalie vile vispringi na vibati. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Usiukwangue kwa kucha wala kupuliza, kwa sababu majimaji hayo huunguza ngozi na macho. Toa betri, chovya pamba ya sikio kwenye siki au maji ya limau kidogo tu, sugua taratibu mpaka bati ling'ae, kausha kwa kitambaa, kisha iache rimoti wazi hadi ikauke kabisa. Siki inafaa kwa betri za alkalaini. Kama ni zile za kawaida za bei nafuu, tumia magadi ya kupikia yaliyolowanishwa kidogo.

Umeme wa kijiti chenyewe

Watu wengi huchomeka waya wa kijiti kwenye USB ya TV ili kuokoa soketi. USB nyingi za TV hutoa ampea 0.5, ilhali chaja ya Fire TV Stick ya kawaida hutoa ampea 1 kwa volti 5. Kikikosa umeme wa kutosha, kijiti huzimika na kujiwasha chenyewe, na lawama zote huishia kwa rimoti. Tumia chaja yake na soketi ya ukutani.

Kuoanisha

Kwa Fire TV: chomoa kijiti, kichomeke tena, usubiri ukurasa wa mwanzo utokee. Sogea karibu, ndani ya mita 3. Shikilia kitufe chenye alama ya nyumba kwa sekunde 10. Kitaa cha juu ya rimoti kikianza kumetameta kwa kasi, achia na usibonyeze kitu kingine mpaka TV ikujulishe kuwa rimoti imepatikana. Haraka ndiyo inayoharibu. Mtu huachia kwenye sekunde ya tano, akaanza kubonyeza kila kitufe.

Ikikataa, fuata utaratibu mrefu, unaofaa kwa rimoti nyingi za sauti za Fire TV. Chomoa kijiti na usubiri dakika nzima. Shikilia kwa pamoja mshale wa kushoto, kitufe cha mistari mitatu na kitufe cha kurudi nyuma kwa sekunde 12. Achia, hesabu tano, kisha toa betri. Chomeka kijiti, subiri tena dakika nzima, rudisha betri na ubonyeze kitufe cha nyumba. Kukiwa kimya, kishikilie kwa sekunde 10. Utahitaji vidole vya mikono yote miwili, kwa hiyo iweke rimoti mezani.

Rimoti ya sauti ya Roku ina kitufe kidogo cha kuoanisha, mara nyingi ndani ya kasha la betri. Kishikilie kwa sekunde 5 hadi kitaa kimetemete. Kwa Chromecast yenye Google TV, shikilia pamoja kitufe cha kurudi nyuma na cha nyumba mpaka kitaa kiwake.

Ikioanishwa lakini ikawa inakatikakatika, tazama nyuma ya TV. Bluetooth hutumia masafa ya gigahetsi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi na oveni ya maikrowevu. Kijiti kilichobanwa kati ya ukuta na mgongo wa TV, jirani na ruta au diski ya USB, hupokea kwa shida. Ule waya mfupi wa kurefushia HDMI unaokuja ndani ya boksi una kazi yake, na tunasikitika kuona unatupwa pamoja na makaratasi. Utumie kukitoa kijiti pembeni.

Rimoti imepotea kabisa

Jaribu rimoti ya TV. TV nyingi za kisasa zinaweza kuongoza kifaa kilichochomekwa kwenye HDMI; Samsung huita uwezo huo Anynet+, LG huita SimpLink, Sony huita Bravia Sync. Uwashe kwenye mipangilio ya TV, kisha ujaribu mishale.

Njia ya pili ni simu. Fire TV, Roku na Google zina programu za bure zinazoigeuza simu kuwa rimoti, mradi simu na kijiti viwe kwenye mtandao mmoja. Hapo ndipo wengi hukwama: umehama nyumba au umebadilisha kampuni ya intaneti, kijiti bado kinautafuta mtandao wa zamani, na huna rimoti ya kukielekeza kwenye mpya. Tafuta simu mbili. Ya kwanza ifanye hotspoti yenye jina na nenosiri lilelile la mtandao wa zamani, herufi kubwa na ndogo zisibadilike. Kijiti kitajiunga chenyewe. Ya pili ijiunge na hotspoti hiyo, ufungue programu, ukiongoze kijiti hadi kwenye mipangilio ya mtandao mpya.

Katika kutafuta msaada mtandaoni unaweza kukutana na namba za watu wanaojiita huduma kwa wateja, wakitaka malipo ili "kuwezesha" kifaa au rimoti. Usiwalipe. Kuoanisha rimoti hakuna ada.

Ukilazimika kununua

Nenda na kijiti au rimoti ya zamani. Muulize muuzaji kama anayokuuzia ni ya Bluetooth au ya infraredi. Fire TV Stick haina kipokezi cha infraredi, kwa hiyo rimoti ya infraredi iliyoandikwa "inafaa TV zote" haitasogeza mishale yake hata siku moja. Roku Streaming Stick nayo ni hivyohivyo. Omba uoanishiwe palepale dukani.

Betri bapa na watoto

Baadhi ya rimoti nyembamba, ikiwemo ya zamani ya Apple TV na nyingi za visanduku vya bei nafuu, hutumia betri ya mviringo iliyo bapa, CR2032 au CR2025. Hili ndilo jambo zito kuliko yote kijitabuni humu. Mtoto akiimeza ikanasa kwenye umio, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, na mwanzoni anaweza kuonekana hana neno. Funga kifuniko kwa skrubu au utepe imara. Betri kuukuu izungushie utepe pande zote kabla ya kuitupa, maana hata iliyokwisha nguvu bado huunguza. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, usimlazimishe kutapika na usingoje dalili: mkimbize hospitali yenye eksirei, na uende na rimoti au pakiti ya betri ili daktari aione namba iliyoandikwa.