Je, chandarua cha bure hutupwa?

Msomaji, bila shaka umewahi kusikia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mpe mama mjamzito chandarua bila malipo, watu husema, naye atakifanya wavu wa samaki. Ni maneno matamu ya barazani, lakini malaria humpunguzia mama huyo damu na mtoto wake huzaliwa na uzani mdogo. Afadhali kupima kuliko kukisia.

Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima jambo hilo katika zahanati za akina mama waja wazito magharibi mwa Kenya. Baadhi ziligawa vyandarua vyenye dawa bure, nyingine zikatoza bei ndogo isiyozidi Sh40. Baadaye akina mama walitembelewa nyumbani ili ionekane kama vimetundikwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ya Sh40 (ambayo kwa wengi ni mboga ya jioni) iliwazuia akina mama 60 hivi kati ya kila 100 kuchukua chandarua. Waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Wala walionunua hawakuwa ndio wagonjwa zaidi. Walikuwa tu na hizo Sh40 mfukoni siku ile.